Bata Bukini wa Ghala B

Sydenham, Durban
Jumapili, 11 Julai 2010

Dada Jedidah mpendwa,

Leo ni fainali, na mtaa mzima unapuliza vuvuzela tangu asubuhi. Hata mtoto wa jirani ambaye hajaanza kutembea amepewa yake. Nimejificha nyuma ya duka la simu la kaka yetu wa mtaa, Ya Peguy, kwenye ile kompyuta ya pembeni ambayo herufi N imefutika. Hapa hakuna anayenisoma juu ya bega.

Uliniambia nikuandikie na nisiandike kama insha ya shule. Basi naandika kwa Kiswahili. Kifaransa nilisomea Bukavu mpaka darasa la tano, na kila nikikishika naona kalamu nyekundu inanisubiri. Kiingereza nasomea hapa. Mwalimu akiniuliza kitu, jibu linafika kwenye meno halafu linarudi tumboni. Wewe unajua. Miaka miwili umetufundisha vijana kanisani, na sauti yangu uliisikia mara ngapi? Mara tatu, na mara moja ilikuwa chafya.

Kazi uliyoniachia nimeianza. Jumamosi naenda bustani ya mimea, nakaa kando ya ziwa na daftari. Jana walikuwepo bata bukini wa Misri sita. Dume mmoja alimfukuza mzee mwenye mkate wake mpaka kwenye geti. Hawaogopi mtu wala hawaoni haya. Nawaonea wivu kabisa.

Ila niambie: mtu aliyeenda Misri, kwa nini anamwomba mtu wa Durban amtazamie bata wa Misri?

Mdogo wako,
Libérate

Papa anakusalimia. Kazi yake ofisini huko Mobeni inaendelea vizuri.


Luxor, ng'ambo ya magharibi
24 Julai 2010

Libérate wangu,

Swali lako lilimchekesha Bwana Girgis mpaka akaweka chai chini. Yeye ndiye mtunza stoo ya vitu vya kale ninakofanyia kazi, na huwa hacheki kabla ya adhuhuri. Jibu ni hili: hapa hawapo! Kwenye kuta za makaburi wamejaa, wamechorwa unyoya kwa unyoya, lakini mtoni sijamwona hata mmoja. Wanasema waliobaki wako mbali kusini, upande wa Aswan. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Nagwa, anafuga bata na njiwa juu ya paa kama wanawake wengi wa hapa. Nilimwonyesha picha ya bukini wetu wa Durban, akaitazama sana, akaniuliza, "Huyu ana ladha gani?"

Sasa sikiliza kazi yangu yote inategemea nini. Kwenye stoo kuna vipande vya lipu yenye michoro, kutoka kaburi la mwandishi mmoja wa ghala la nafaka. Ukuta ulianguka zamani. Kipande cha 16 kinaonyesha bukini mkubwa amesimama chini ya jengo, shingo ameinyoosha juu, mdomo wazi. Kipande cha 17 kinaonyesha ndege wadogo wanane, vichwa chini. Waliochimba miaka themanini iliyopita waliandika kwenye daftari la stoo: "Ndege waliokufa, wananing'inia mkononi mwa mwindaji." Mkono wenyewe haupo, ati ulipotea. Na Profesa Valérie, msimamizi wangu huko Durban, anakubaliana nao.

Mimi nimekataa. Ndege aliyekufa hushikwa miguu, na miguu hubanwa pamoja. Hawa miguu imetanuka, na macho yako wazi. Nadhani ni vifaranga wanaruka kutoka juu ya ghala, na yule wa kipande cha 16 ni mama yao anawaita. Bukini hawa hutaga hata juu ya miti na majengo, hilo linajulikana. Lakini Profesa hataki sentensi ya kitabuni. Anataka mtu aliyeona kwa macho na kuandika: mama alisimamaje, vifaranga walishukaje, dakika kwa dakika. Nikimpata, vipande viwili vinaungana na sura ya mwisho ya tasnifu yangu inasimama. Nisipompata, ataifuta, amesema wazi.

Nitafutie kiota, Libérate. Kiota cha juu.

Dada yako,
Jedidah


Sydenham
Jumatano, 15 Septemba 2010

Dada Jedidah,

Kaa kwanza. Umekaa?

Wale niliokuandikia mwezi wa nane, waliotaga juu ya paa la ghala Mobeni. WAMERUKA! Jana, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilikuwa langoni. Ghala B lina ghorofa mbili, paa la bati, na kiota kilikuwa nyuma ya tangi la maji. Mama alishuka peke yake, akasimama kwenye majani. Akanyoosha shingo juu kabisa, mdomo wazi, akaanza kuita. Aliita dakika kumi na moja bila kusogea. Halafu wa kwanza akatokea ukingoni, kama soksi yenye macho. Akaruka. Kichwa chini, miguu imetanuka huku na huku, vibawa kama vidole gumba. Akagonga majani, akadunda, akainuka! Wakafuata wengine. Wanane, dada. Wa saba alisita na kurudi nyuma mara mbili. Wa nane alimkanyaga wa saba na wakaanguka pamoja.

Kisha mama akawapanga mstari, wakavuka barabara, na lori la rangi likasimama kuwangoja kama kwenye robot, zile taa za barabarani.

Macho yao yalikuwa wazi. Nimeuliza, yaani nimetazama hilo hasa.

Libérate


Luxor
18 Septemba 2010

Wewe msichana!

Nimepiga kelele mpaka njiwa wa Mama Nagwa wameondoka wote. Nimemsomea Bwana Girgis barua yako kwa Kiarabu changu kibovu. Akaenda kuleta kipande cha 16, akakiweka mezani chini ya kile cha 17, kisha akasema, "Miaka ishirini na mbili nawatunza hawa kama maiti."

Nimempelekea Profesa. Na yeye, hata kuku akitaga mbele yake ataomba cheti, kwa hiyo anauliza: ulisimama umbali gani? Nani alikuwa nawe? Na saa hiyo ya Jumanne, mgomo wa walimu umekwisha na shule zimefunguliwa, mwanafunzi wa Sydenham alikuwa anatafuta nini Mobeni?

Mjibu mwenyewe. Ijumaa tarehe 29 Oktoba kuna semina ya idara, nitakuwa nimerudi. Nitaonyesha vipande na wewe utasema ulichokiona. Dakika kumi tu.

Jedidah


Sydenham
26 Septemba 2010

Dada Jedidah,

Samahani kwa kuchelewa. Nina mafua. Nafikiri tarehe 29 mafua yatakuwa bado yapo. Larissa wa kwaya ana sauti nzuri, labda yeye asome karatasi yangu?

L.


Luxor
28 Septemba 2010

Libérate,

Mafua ya mwezi mzima? Sikuulizi kuhusu semina. Nakuuliza swali moja, nijibu kama unavyonijibu siku zote: siku ile ulikuwa na nani?

J.


Sydenham
Jumapili, 3 Oktoba 2010

Dada Jedidah,

Nimeandika barua hii mara nne na kuifuta mara nne. Ya Peguy ananiuliza kama nimevunja kompyuta.

Sikuwa na mtu. Wala mimi mwenyewe sikuwepo. Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilikuwa natafuta soksi ya shule.

Aliyeona ni Papa. Papa hafanyi kazi ofisini. Ni mlinzi wa lango, Ghala B, zamu ya mchana, sare ya kahawia na kofia. Tulipofika Durban, mama mmoja kanisani alimuuliza Mama, "Na mume wako?" Mama akasema, "Yuko Mobeni, ofisini," kwa sababu kibanda cha lango kina meza na kiti. Basi neno likakaa. Bwana Cyrus, yule Mkenya mwalimu wa chuo kikuu, kila Jumapili anampigia saluti mlangoni: "Bosi wa Mobeni! Ofisi inasemaje?" Papa anatabasamu. Halafu njiani kurudi nyumbani haongei mpaka tufike kwenye ngazi.

Bukavu alikuwa mwalimu wa biolojia kwenye lycée, yaani sekondari, miaka kumi na minne. Nilipomwambia nahitaji kiota cha juu, alikuwa mtu mwingine. Kila jioni alivua kofia na kusema, "Andika." Mimi niliandika "nimeona" kwa sababu kuandika "Papa ameona" kungeleta swali la pili: ameona akiwa wapi?

Sikukudanganya kuhusu bata. Nilikudanganya kuhusu macho. Kama sura yako inafutwa, inafutwa kwa sababu yangu, na mimi najua.

Libérate


Luxor
5 Oktoba 2010

Libérate,

Nilikasirika. Sitakuficha. Nilitoka nje, nikatembea hadi kwenye mashamba ya miwa na kurudi.

Sasa nisikilize kama mdogo wangu. Katika kazi hii jicho lina jina. Ukiandika "nimeona" na hukuona, hata kama kitu ni kweli tupu, umekiua. Wale waliochimba hawakuwa waongo. Waliandika kitu wasichokiona, mkono wa mwindaji, na vifaranga wanane wakafa miaka themanini.

Nimemwandikia Profesa kwamba shahidi ni mtu mwingine. Jina sijalitaja, si langu kulitoa. Amejibu kwa mstari mmoja: habari iliyosimuliwa jioni na kuandikwa na mtoto haitoshi. Anataka kitu kilichoandikwa siku ile, mahali pale, na aliyeona.

Muulize baba yako. Aliandika popote? Hata nyuma ya risiti?

Na hili la pili, muulize taratibu: anakubali jina lake litajwe, pamoja na kazi yake?

Bado ni dada yako,
Jedidah


Sydenham
Jumapili, 10 Oktoba 2010

Dada Jedidah,

Nilimuuliza jana akipiga pasi sare. Nilisema yote bila kupumua. Pasi ilisimama mahali pamoja mpaka Mama akapiga kelele jikoni, "Iko kitu kinaungua?"

Papa akasema, "Kwa hiyo wanataka jina."

"Ndiyo, Papa."

"Na lango."

"Na lango."

Akakunja shati. "Kuandika, niliandika," akasema. "Nimeandika kwenye kitabu cha lango. Nilipata hata matata."

Dada, hujui walinzi! Mimi naishi na mmoja na sikujua. Langoni iko kitabu kikubwa cha jalada gumu. Kila saa mlinzi lazima aandike saa na kilichotokea, hata kama hakuna kitu, na karatasi haichanwi wala haifutwi. Jioni msimamizi wao, Bwana Billy, anapita, anatia sahihi na mhuri. Papa ameandika bata tangu mwezi wa nane! "05:50. Jike yuko kwenye kiota. Hali shwari." "14:00. Lori la rangi limeingia. Dume amemfukuza dereva. Hali shwari." Na tarehe 14 Septemba ni ukurasa mzima, kwa Kiingereza chake cha shule, dakika kwa dakika. Pembeni amechora kwa bolpeni. Wanane, vichwa chini.

Chini yake Bwana Billy ameandika kwa wino mwekundu: "Gustave, hapa ni lango, si zoo." Sahihi. Mhuri. Tarehe.

Nikamwambia huo ndio ushahidi wenyewe, hata wino mwekundu. Hasa wino mwekundu! Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Na Cyrus atakuwepo hapo chuoni?"

"Sijui, Papa. Labda."

Hajanipa jibu. Amelivaa lile shati lingali moto na kwenda kutupa takataka.

Libérate


Luxor
22 Oktoba 2010

Libérate,

Haraka, mtandao unakatika. Nimesoma kuhusu kitabu cha lango nikalia, na Bwana Girgis akalia kwa kunisindikiza tu.

Habari mbaya: kibali changu cha kupiga picha vipande kimechelewa, siwezi kuondoka kabla ya mwezi wa kumi na moja. Profesa hataki kuahirisha semina. Picha nimemtumia, atazionyesha yeye. Lakini lazima mtu asimame kueleza ushahidi, na mtu aliyebaki ni wewe. Sema tu lililo kweli, lote. Kama baba yako hajakubali, basi usiende, na nitaandika sura nyingine. Simwuzi mtu kwa ajili ya bata.

Jedidah


Sydenham
Jumamosi, 30 Oktoba 2010

Dada Jedidah,

Nakuandikia tangu mwanzo, usiruke mistari.

Papa hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Asubuhi alikwenda zamu. Ila kabla ya kutoka alisema, "Kama utaulizwa jina langu, litamke vizuri." Nikaenda chuoni peke yangu.

Chumba kilikuwa na watu kama thelathini. Safu ya pili: Bwana Cyrus. Eish. Akanipungia mkono, "Mtoto wa Bosi!"

Profesa Valérie ni mdogo kuliko nilivyofikiri, kama ndege mwenye miwani. Akaonyesha kipande cha 16, akafunika cha 17 kwa karatasi kwenye mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Akaniita. Nikasimama. Nikafungua mdomo na jibu likarudi tumboni, kama kawaida. Mtu akakohoa. Mama mmoja wa safu ya mbele, asiyejua habari zetu, akanionea huruma, akauliza swali jepesi: "Ulisimama wapi ulipowaona?"

Lilikuwa jepesi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Nikasema, na hii ndiyo sentensi yangu ya kwanza ndefu kwa Kiingereza mbele ya watu: "Sikusimama popote. Nilikuwa nyumbani. Sikuona. Aliyeona ni baba yangu, Gustave Bahati Murhula. Ni mlinzi wa lango huko Mobeni, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa biolojia."

Na kutoka nyuma: "Yuko hapa."

Dada! Alikuwa mlangoni. Sare, kofia mkononi, jasho, na kitabu cha lango ndani ya mfuko wa plastiki wa supamaketi. Bwana Billy alishika lango mwenyewe na kumwambia Papa, "Nenda, Profesa, lakini kitabu kirudi kabla ya saa kumi, na uwaambie ni mimi niliyesaini."

Sikuthubutu kumtazama Bwana Cyrus.

Profesa akasoma ukurasa wote. Akasoma na wino mwekundu, mdomo ukamcheza kidogo. Kisha akamgeukia Papa kwa Kifaransa. "Umewahi kuona kipande cha 17, au picha yake?"

"Sijawahi, madame."

"Binti yako amekuonyesha chochote?"

"Ameniambia iko kiota kinatafutwa. Basi."

Akampa chaki. "Nichoree."

Wakati anafundisha mimi nilikuwa mdogo mno kwa lycée. Sikuwahi kumwona babangu na chaki, dada. Aliweka kofia juu ya meza ya Profesa bila kuomba ruhusa. Akachora paa, tangi, mama chini. Kisha vifaranga, mmoja mmoja, akieleza: hapa kidole cha mguu kinafunguka ili upepo umpokee, hapa kibawa hakina nguvu bado. Aligeuka na kuuliza darasa, "Nani ananiambia kwa nini hafi akianguka?" Na maprofesa wakainua mikono! Bwana Cyrus aliinua mkono! Papa akamwambia, "Wewe." Akajibu. Papa akasema, "Karibu sahihi," akamsahihisha.

Alipomaliza wa nane, aliyemkanyaga wa saba, Profesa akatoa karatasi kwenye mashine.

Ukutani wakatokea wale wa kipande cha 17. Pembeni, ubaoni, wale wa Papa. Miguu ileile. Na nisikie vizuri: kwenye kipande, wawili wa mwisho wamegusana, mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Siku zote hizo hukuniandikia hilo!

Profesa alivua miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Akasema polepole, "Miaka kumi na tisa nafundisha kwamba hawa wamekufa." Halafu akaushika mkono wa Papa wenye vumbi la chaki, na chumba kikalipuka. Watu walipiga meza.

Nje Bwana Cyrus alitukuta. Akapiga saluti, ileile. "Bosi wa Mobeni!"

"Mlinzi wa Mobeni," Papa akasema. "Ghala B. Karibu siku moja, utasaini kitabu."

Na njiani kurudi alizungumza. Alizungumza safari nzima, dada, mpaka dereva wa teksi akazima redio amsikilize.

Mimi nimeongea mbele ya watu thelathini. Kwa wiki hii inatosha.

Libérate


Luxor
8 Novemba 2010

Wapendwa wangu wawili,

Profesa ameniandikia kurasa tatu. Sura inasimama, na ameomba jina la Mwalimu Gustave liwekwe mbele, pamoja na langu na la Libérate, si chini kwa herufi ndogo.

Na leo asubuhi Bwana Girgis, kwa idhini ya wakubwa wake, amefungua daftari la stoo. Na yeye haruhusiwi kufuta. Amepiga mstari mmoja juu ya "Ndege waliokufa", na pembeni ameandika kwa mkono wake. Nawatafsiria neno kwa neno:

"16 na 17 ni kitu kimoja. Vifaranga wanane wa bukini wanaruka kutoka juu ya ghala, mama anawaita. Wako hai. Shahidi: Gustave Bahati Murhula, mlinzi wa lango, Durban."

Nafika Jumatano ijayo. Libérate, nataka kuisikia sauti hiyo, na usiniletee chafya.

Jedidah


Sydenham
9 Novemba 2010

Dada,

Nilichapisha barua yako kwa Ya Peguy nikampelekea Papa langoni baada ya shule. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaingia kibandani, akavuta kitabu, akatazama saa yake na kuandika. Bwana Billy amekwisha kutia mhuri, bila wino mwekundu.

"15:20. Barua imeingia kutoka Misri. Wanane wote wako hai. Hali shwari."

Libérate